Masinia Mawili Chini ya Kawa

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku zangu nyingi za ujana, ingawa ilinikuta tayari nina mvi. Wazee wengi tukikaa kuwausia vijana husimulia makosa ya zamani sana, ili kosa lionekane kama la mtu mwingine aliyekwisha kwenda zake. Mimi sina ujanja huo. Kosa hili nililifanya juzi juzi tu, na mpaka leo nikilitazama linanichanganya.

Ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwetu Kilindoni. Mjukuu wangu Zuhura, msichana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa amepata habari kwamba hoteli moja ya wageni kule Utende inatafuta mtu wa kutengeneza vitamutamu. Msimu wa wageni wanaokuja kutazama papa potwe baharini ulikuwa unakaribia. Msimamizi wa jiko la hoteli ile, Bi Rukia, alimwambia kwenye simu, "Jumamosi nitakuwa Kilindoni sokoni. Baada ya adhuhuri nitapita kwenu. Nionjeshe kitu kimoja tu. Nikikipenda, Jumatatu unaanza kazi." Kitu kimoja, mwanangu. Wiki nzima msichana yule alikuwa akipika na kutupa, akipika na kutupa, mpaka alipoamua ni kipi.

Asubuhi ya siku hiyo nilimkuta uani amekaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mbele yake kile kinu kidogo cha kupondea vitunguu saumu, amekisugua mpaka kinang'aa. Kando alikuwa na chokoleti za dukani, zile zenye biskuti nyembamba ndani, zinazokatika kama vijiti. Alikuwa akizivua karatasi moja moja, anazitia kinuni, anaziponda. Nilisimama nikamtazama. Nilidhani macho yangu yananidanganya.

"Zimeharibika hizo?" nikamuuliza.

"Hapana babu, nzima kabisa."

"Sasa mbona unaziponda?"

"Nazisaga, nitie maziwa mazito ya kopo na kakao kidogo, nichanganye. Hii haiingii motoni, babu. Nikishaitengeneza inaganda yenyewe kwenye friji."

"Itakuwa nini?"

"Chokoleti."

"Si ndivyo zilivyo sasa?"

Zuhura akacheka mpaka mchi ukamponyoka. "Babu wewe! Hii ni chokoleti ya dukani, ile itakuwa chokoleti yangu mimi. Umenielewa lakini?"

"Nimekuelewa," nikasema.

Sikuelewa hata chembe. Nilijiuliza: mtu ananunua kitu kilichokwisha kutengenezwa, anakivunja kiwe unga, kisha anatafuta njia ya kukifanya kiwe kile kile. Na chakula kisichopita motoni kinaivaje? Nilitaka kumuuliza kitakuwa na umbo gani, kitaliwa kwa kijiko au kwa mkono, lakini nilikwisha kusema nimeelewa. Nikaona haya kurudi nyuma.

Hapa nikueleze kidogo, mwanangu, kwa kuwa ugonjwa huu sikuuanza uzeeni. Nilipokuwa sekondari tulikuwa na mwalimu wa hisabati, mtu mzima, mpole. Kila akimaliza ubaoni huuliza, "Mmeelewa?" Nasi huitika kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu." Siku moja akanipa chaki. Nikasimama mbele ya ubao nikiwa sijui hata pa kuanzia, na darasa zima linanitazama kisogo. Hakunipiga. Aliniambia, "Jana ulisema umeelewa. Kwa nini? Ungesema hujaelewa ningekueleza hata mara kumi." Nikamrudishia chaki. Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao, nikaona yamepita. Kumbe hayakupita. Nilitoka shuleni na cheti mkononi na ile "Ndiyo, mwalimu" mdomoni.

Turudi nyumbani. Mke wangu Somoe alikuwa amebumba udi siku moja kabla. Wewe labda umezoea udi wa kununua dukani, kwa hiyo nikwambie: wanawake wetu huchukua unga wa sandali, wakatia shira ya sukari, marashi na miski, wakafinyanga kwa mikono vidonge vidogo vyeusi, wakavianika ndani kivulini. Asubuhi ile Somoe alikuwa anakwenda kijiji cha Kanga kwa dada yake. Alipokuwa anajifunga kanga yake mlangoni aliniagiza, "Udi wangu uko mezani, kwenye sinia, chini ya kawa. Ukikauka utie koponi. Na mgeni wa Zuhura akikaribia, tia vidonge viwili vitatu kwenye chetezo, fukiza nyumba. Sitaki akute harufu ya samaki wa jana."

"Nimekuelewa," nikamwambia na yeye.

Nikaenda msikitini kuswali adhuhuri. Niliporudi, Zuhura alikuwa bafuni anaoga, nasikia maji yakimwagika. Chetezo kilikuwa pembeni ya mlango, makaa yamekwisha kushika. Zuhura alikwisha kuitoa chokoleti yake kwenye friji, maana mezani kulikuwa na masinia mawili, kila moja limefunikwa kawa lake.

Nikafunua la kwanza. Vidonge vidogo vyeusi, vimepakwa unga wa rangi ya kahawia. Nikafunua la pili. Vidonge vidogo vyeusi, vinang'aa.

Mwanangu, nilisimama pale kama mtu aliyeshuka kwenye gari kijiji kisicho chake. Nilifunika, nikafunua tena. Mimi katika kichwa changu chokoleti ya Zuhura ilikuwa kitu kipana, cha kukatwa vipande, kama ilivyokuwa kabla hajaiponda. Hakuna aliyeniambia kuwa ni vidonge. Hata sikuuliza. Nikainama ninuse, lakini chumba kizima kilikuwa kinanukia miski tangu jana. Hata kiti kilinukia. Nikavihesabu, kana kwamba hesabu ingenisaidia. Nikapapasa kimoja kwa ncha ya kidole: laini. Nikapapasa cha sinia la pili: nacho laini, kilikuwa hakijakauka vizuri.

Bafu liko hatua kumi kutoka mezani. Ningepaza sauti tu, "Zuhura, lipi ni lipi?" basi. Lakini ningemwambiaje, nami asubuhi nimemwambia nimeelewa? Nikajiamulia kwa akili yangu: unga ni wa sandali, kwa hiyo hivi vyenye unga ndivyo udi. Chokoleti hung'aa, kwa hiyo hivi vinavyong'aa ndivyo vya mgeni. Niliona hoja hiyo imesimama imara. Hata nilijisifu.

"Hodi wenyewe!" Ilikuwa sauti ya mwanamke mlangoni.

Nikafanya haraka. Vidonge vyenye unga nikatia vitatu kwenye chetezo, na vyote vilivyobaki nikavimimina kwenye kopo la udi la Somoe, kopo la miaka na miaka, nikakaza mfuniko. Kisha vile vinavyong'aa nikavipanga kwenye sahani nzuri yenye maua.

"Karibu, karibu mwanangu."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pita ukae. Mwenyewe anakuja sasa hivi."

Bi Rukia alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, kapu la sokoni mkononi. Aliketi, akavuta pumzi, akakunja uso kidogo. Chetezo kilikuwa kimeanza kutoa moshi mzito, wa sukari na maziwa yaliyoungua, kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Nikaushangaa udi ule. Nikasema moyoni, Somoe safari hii kazidisha shira.

"Onja, mwanangu," nikamwambia, nikamsogezea sahani. "Kazi ya Zuhura hiyo. Haiingii motoni hata kidogo."

Akachukua kidonge kimoja, akakitia chote mdomoni.

Nakumbuka alivyotafuna mara ya kwanza, na mara ya pili taratibu, na mara ya tatu hakutafuna. Macho yalimtoka. Akachomoa kitambaa, akatema, akakohoa, akaomba maji kwa mkono kwa kuwa mdomo haukuweza. Wakati huo huo Zuhura akaingia, amevaa gauni lake la Idi, anatabasamu.

"Binti," Bi Rukia akasema alipopata sauti, "hiki ni chakula au ni dawa ya mashetani?"

Zuhura akaitazama sahani. Akatazama chetezo, ule moshi. Akatazama meza, yale masinia mawili matupu. Kisha akanitazama mimi. Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu, kwa mara ya kwanza siku ile nikaelewa kitu chote kwa ukamilifu, bila kueleweshwa na mtu.

Na hapa ndipo lilipo kosa langu. Yale ya nyuma ni macho ya mzee na haya za kijinga. Ningesema pale pale, "Nimechanganya mimi, mama, umekula udi," Bi Rukia angekasirika kidogo, angecheka sana, angerudi siku nyingine. Badala yake nilifungua mdomo nikasema, "Mimi nilishangaa tangu asubuhi. Anachukua vitu vizima anaviponda. Vijana wa siku hizi hawaambiliki."

Maneno hayo yalitoka wapi, sijui. Nimejiuliza msikitini, nimejiuliza shambani. Nampenda mtoto yule kuliko roho yangu. Sikupanga kumuumiza. Niliona tu macho ya watu wawili yakinitazama, na ulimi ukakimbilia pa kujificha, nao ukajificha nyuma ya msichana.

Zuhura alimgeukia mgeni akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe Bi Rukia. Nimechanganya mwenyewe."

"Pole mwanangu," Bi Rukia akamwambia. "Lakini mimi napikia watu wanaolipia matumbo yao. Mtu wa kuchanganya hivi siwezi kumweka jikoni." Akachukua kapu lake. Akaniaga mimi kwa adabu, "Kwaheri mzee," nami nikamwitikia kwa adabu vile vile.

Zuhura akazima chetezo kwa maji, akaosha sahani. Nilimwuliza kama atakula. Akasema ameshiba.

Alasiri Somoe alirudi. Haukupita muda nikamsikia chumbani, "Nani katia peremende kwenye udi wangu?" Akatoka na kopo mkononi, kidonge kimoja katikati ya vidole, akakiramba, akatema, akanitazama. Tumeishi pamoja miaka mingi. Hakuhitaji kuuliza mara ya pili. Nikamsimulia yote, hata yale niliyomwambia mgeni. Nilidhani atacheka, na kweli alianza kucheka, lakini nilipofika kwenye maneno yale kicheko kikamkauka.

"Na mtoto akanyamaza?"

"Akasema amechanganya yeye."

"Basi nenda ukaseme," akaniambia. "Si kwangu. Mimi sikula udi."

Kesho yake asubuhi nilipanda pikipiki mpaka Utende. Nilimkuta Bi Rukia nje ya jiko la hoteli anachambua pweza. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini, akawaita wenzake, "Njooni msikie, kumbe jana nimefukizwa tumbo!" Nami nikacheka nao, maana nilistahili. Kisha akajifuta machozi, uso ukatulia.

"Mzee wangu, kuchanganya si kitu. Hata mimi nimewahi kutia chumvi kwenye keki. Lakini mbona ulisema vile? Mimi nilipoondoka pale sikufikiria vidonge. Nilifikiria, kama babu yake mwenyewe hamsifu, nani atamsifu?"

Nikajiona tena ubaoni, chaki mkononi.

"Na bahati mbaya jana jioni nimekwisha kumpa neno msichana mmoja wa Kanga," akaendelea. "Leo nikamwambie asije? Naye ana wazee wake."

Hivyo nafasi ikaenda. Nilirudi nikamkuta Zuhura anafagia uani. Nikamwambia niliyoyasema Utende na niliyojibiwa. Nikamwomba radhi, mimi mzee wa miaka sabini na kitu, nimesimama mbele ya fagio lake.

Aliegemeza fagio ukutani. Kisha akasema, "Babu, nilijua tangu nilipoingia. Niliposema nimechanganya mimi, sikuwa namwambia Bi Rukia. Nilikuwa nakupa nafasi useme hapana."

Nafasi ile ilikuwa fupi, mwanangu, kama mtu anavyovuta pumzi. Bi Rukia alikuwa bado ameketi, kapu lake liko sakafuni. Nami niliiacha ipite. Zuhura amenisamehe, ananiandalia chai kama zamani, na siku hizi akina mama wa Kilindoni humwagizia vidonge vyake vya chokoleti kwa ajili ya harusi. Lakini hajapata tena kuniuliza, "Umenielewa lakini?" Ananieleza mara mbili, kisha anasubiri. Hilo ndilo linaloniuma, na sina wa kumlaumu.

Sasa sikiliza usia wangu. Usipoelewa, sema hujaelewa, na useme pale pale, kabla hujashika cha mtu. Ukiambiwa jambo na mdogo wako, muulize kama ungemuuliza mkubwa. Aibu yake ni ya dakika moja. Na ukikosea mbele ya watu, ungama mbele ya watu hao hao, wakiwa bado wamekaa. Toba ya kesho mimi nimeifanya, na Mungu ni mwenye kupokea, lakini haikumrudishia mtoto kazi yake. Na siku mtu mnyonge kuliko wewe atakapobeba kosa lako mbele yako, usimwache alibebe mpaka mlangoni. Mpokee.

Mola akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na mwepesi zaidi wa kukiri. Akujaalie watu wa kukungoja, na akuwahishe kabla hawajachoka kungoja. Kazi ya mikono yako aitie baraka, na wazee wako wakusifu ukiwa unasikia. Amina.