Majani ya Maharage ya Mama

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ana kipaji kimoja tu: kuamini kwamba anajua. Analima mchicha pembeni ya nyumba yake Mbagala, nasi tunaishi vyumba vya uani. Basi chochote kinachoota kwenye mchanga ule, sifa ni zake.

Baba alipofariki, mama alihamia kwetu kutoka Lushoto na mbegu yake ya maharage yenye madoa mekundu, aliyopewa na mama yake siku alipoolewa. Huko kwao siku hizi watu wanapanda mbegu za dukani, hii hakuna mwingine aliye nayo. Joto la Dar likaleta fukusi, wakazitoboa. Zikabaki punje za bakuli dogo, mama akasema kipupwe hiki zipandwe zote. Zisipozaa, mbegu imekwisha.

Nikaenda duka la pembejeo Mtoni. Muuzaji akanipa mbolea ya kupandia, ile ya chengachenga za kijivu yenye fosforasi. Akasema iwekwe shimoni, chini ya mbegu, kwani fosforasi haitembei ardhini. Na ndiyo inayojenga mizizi na kuleta maua na maganda. Nikamkabidhi mama mfuko, nikaenda kazini Kawe.

Jioni nikakuta mbegu zimeshapandwa, mbolea yangu imemwagwa chini ya mnazi, na shemeji amekaa kibarazani kifua mbele.

"Shemeji, umepigwa," akaniambia. "Ile si mbolea, kokoto tupu. Zikiota nitamwekea mama urea. Mie mchicha wangu naupaga hiyo hiyo, si unauona ulivyo?"

"Mchicha tunakula majani, shemeji. Maharage tunataka punje."

"Mbolea ni mbolea. Nyie mnapendaga kukuza ishu."

Nikamfuata mama jikoni kumuuliza kwa nini alimwachia. "Hapa ni kwake, mwanangu," akasema. "Mimi mkwe, nitabishana naye vipi?"

Nilikasirika hadi nikakosa usingizi. Ila maharage yaliota, na kila shemeji alipotia urea yakazidi kunenepa majani. Akayapiga picha, akazituma kwenye kundi la ukoo, akaandika "kilimo cha kisasa". Shangazi zake wakampongeza. Wageni walipitishwa shambani kabla hata ya kupewa maji ya kunywa. Mama peke yake ndiye aliyeinama kila asubuhi kufunua majani na kuangalia chini yake.

Maua yalikuja machache, yakapukutika. Maganda yaliyotoka yalihesabika, nayo yalikuwa mapepe. Mama aliyapasua yote, moja baada ya jingine, hakupata hata punje moja ya kuweka. Nilimwona akijifuta macho na ncha ya kanga, nikatamani kumrushia shemeji jembe.

Kesho yake mama alichuma majani machanga ya maharage yale, akayapika kwa karanga kama wapikavyo kwao, akampelekea shemeji na ugali. Shemeji alikula kwa bidii, jasho likimtoka.

"Mama, hii mboga kiboko," akasema. "Msimu ujao tukipanda tena, mie nitaongeza urea."

"Tutapanda nini, baba?" mama akamuuliza taratibu. "Mbegu yangu ndiyo hiyo unayokula."

Shemeji alimtazama, akatazama sahani. Kisha akaomba pilipili.