Macho ya Ng'ombe na Macho ya Nguruwe

Mwenzangu na mimi tulimaliza chuo cha uganga pamoja, tukapangiwa hospitali moja, Sumbawanga, na tangu siku ya kwanza nilijua nimepatikana. Yeye alikuwa amerudi kwao. Baba yake ana duka mjini na lori linaloshuka Kasanga kuchukua dagaa, na nusu ya wagonjwa walimjua tangu anatambaa. Mimi ni Mfipa wa Mwazye, nami nilikuwa karibu na nyumbani, lakini hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza habari za baba yangu.

Kiangazi kile daktari wetu, Mwingereza mmoja mkimya, alitangaza kuwa atakwenda ziwani kutibu macho, kuanzia Kasanga hadi Kirando, na atamchukua mmoja wetu. Huyo ndiye atakayefundishwa kazi ya macho. Chuoni nililipenda jicho kuliko mwili wote uliobaki, na nilidhani kila mtu anajua hivyo. Mwenzangu alipenda kila kitu sawasawa, akafaulu kila kitu sawasawa.

Kwanza, daktari alisema, tuwafundishe wauguzi wa wodi habari za tabaka la kati la jicho, lile lenye mishipa ya damu. Wauguzi walikuwa wakiona jicho jekundu wanatia dawa ileile kwa kila mtu, kumbe wekundu mwingine unatoka ndani, katika tabaka hilo.

Mwenzangu akapata macho ya ng'ombe. Ami yake ni mchinjaji. Alimletea bakuli zima. Jioni alikaa barazani akiyapasua na watu wamemzunguka, wanacheka. Nilipita mara mbili nikijifanya nakwenda kisimani. Alikuwa amekata ule weupe wa nje, mgumu kama ngozi ya kiatu, akafikia tabaka jeusi laini chini yake. Ndani ya weusi ule ulimeta mng'ao wa kijani na buluu, mzuri sana, na watu wakasema, "Lo!"

Nikaona kosa. Mng'ao ule ni wa ng'ombe, mbuzi, paka, wanyama ambao macho yao huwaka ukiwamulika gizani. Binadamu hana. Kama angewafundisha wauguzi kwamba jicho lenye afya humeta hivyo, siku wakimmulika mgonjwa wasione mng'ao wangesema jicho limekufa. Nilipaswa kumwambia palepale. Nilikwenda nyumbani nikalala nikiwa na furaha, kisha furaha ikageuka hofu: labda anajua, labda ananitega.

Nguruwe, kama sisi, hana mng'ao ule. Mjomba wangu alikuwa amehamia pembeni mwa mji na anafuga nguruwe. Nilimkuta anachinja kwa ajili ya ubatizo.

"Macho?" akaniuliza. "Shule yote ile, mpwa wangu, ndiyo umesomea macho ya nguruwe?"

"Ni ya kazi, mjomba."

"Mama yako asisikie. Anatangaza huko Mwazye kwamba wewe ni daktari."

Nikayatia kwenye kopo la maziwa lenye maji ya chumvi. Njiani nikaanza kuwaza. Mwenzangu ni Mwislamu. Nikiweka nguruwe mezani mbele yake, watasema nimemtukana. Nisipoweka, nitakuwa na maneno matupu na yeye ana bakuli linalometa. Nilisimama barabarani na kopo langu hadi mwanamke mmoja akaniuliza kama nauza maziwa.

Siku ya somo mwenzangu alianza. Akaonyesha sehemu ya mbele ya tabaka lile, duara lenye rangi linalozunguka mboni, jinsi linavyobana mboni penye jua na kuifungua penye giza. Nyuma yake akaonyesha pete ya misuli inayoshika lenzi, ili tuone karibu na mbali. Kisha akafika nyuma kabisa, kwenye mng'ao, na muuguzi mmoja mzee akauliza, "Na sisi tunao huo?"

Nilisubiri akosee. Nakumbuka nilishika ukingo wa benchi.

"Sijui," akasema. "Muulizeni huyu ndugu yangu. Chuoni alikuwa halali usiku kwa sababu ya macho."

Wakacheka, wakanigeukia wote. Nikafungua kopo. Nikasema kwamba haya ni ya nguruwe, na kwamba aliyekerwa aniwie radhi. Mwenzangu akasogea hatua nyuma, akaweka mikono mgongoni.

"Pasua wewe, bwana, mimi nitatazama tu. Kutazama hakujakatazwa."

Nikapasua. Tabaka la nyuma lilikuwa jeusi tupu, kama masizi ya paa la jikoni. Nikaeleza kuwa ndivyo lilivyo kwetu: weusi ule humeza mwanga uliozidi usizagae ndani, na damu inayopita humo hulisha retina, ule utando wa ndani unaopokea mwanga. Nikaeleza kwamba tabaka hili likivimba mbele, duara la rangi hujibandika kwenye lenzi, ndiyo sababu tunatia matone ya kufungua mboni mapema. Nilieleza mengi mno. Mwenzangu ndiye aliyeweka sahani mbili pamoja, yake na yangu, akasema, "Basi huyu anawaka, sisi hatuwaki. Msimzike mtu kwa sababu hawaki." Wakaelewa hapo. Wiki nzima wauguzi waliliita "somo lake", la mwenzangu.

Daktari akanichagua mimi.

Ningenyamaza ningebaki na ushindi wangu. Lakini usiku ule wote nilijiuliza kwa nini, na asubuhi nikaenda kumuuliza. Aliniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini amevaa kofia.

"Wewe unajua macho," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. Kisha akaongeza, kwa wema tu, "Na yule siwezi kumtoa. Wagonjwa wa hapa wanamtaka."

Mwenzangu alinifungia mzigo kwenye gari, akacheka, akaniombea safari njema. Nilimtafuta usoni hata chembe ya uchungu. Sikuipata, na hilo pia nilimwonea wivu.

Kasanga, mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mtu mzima mwenye jicho jekundu, wekundu umekaza kuzunguka lile duara, mboni ndogo isiyo mviringo. Nililitambua tabaka lile mara moja. Nikamsalimu shikamoo, nikamkalisha kivulini.

"Marahaba. Mtoto wa mwenye lori hakuja?"

"Amebaki Sumbawanga, mama. Tazama juu."

Nikatia tone. Mboni ilianza kufunguka upande mmoja, upande wa pili ukibaki umebandika, na nikatia jingine. Tulikaa naye hadi mchana, hadi upande ule nao ukaachia kidogo kidogo. Alifumba, akafumbua, akasema maumivu yamepungua.

"Ukirudi," akasema, "umsalimie sana yule kijana."

Nikasema nitamsalimia.