Siku Delmar Hruska Alipoambiwa Abaki

Delmar Hruska, mtoto wa fundi wa kinu cha pamba hapa hapa Texas, alizaliwa na kichwa cha hesabu na ubishi wa nyumbu. Chuoni akaangukia mikononi mwa Profesa Stubblefield, mzee wa buti za ngozi na sauti ya mhubiri, aliyefundisha kalkulasi ya kuthibitisha bila kitabu. Ukikutwa na kitabu, umejifukuza mwenyewe. Mzee anakupa dai la kuthibitisha, unalala nalo, unaamka nalo, na siku ukiliweza unapanda ubaoni wenzako wakunyonyoe kama kuku wa Jumapili.

Kulikuwa na desturi moja. Dai likiletwa ubaoni, yeyote ambaye hajaliweza anatoka nje, asije akaona jibu la mwenziwe. Kutoka hakukuwa aibu, kulikuwa heshima. Sisi tuliozoea kusema "nipe mji" tukapewa jibu la kitendawili, pale tungekufa njaa.

Mwaka ule mzee akatangaza: "Atakayethibitisha dai la hatua moja namchukua darasa la mwakani. Wengine mkauze matrekta."

Delmar hakutaka kitu kingine duniani ila darasa hilo.

Dai lenyewe ni hivi. Una mstari usiokatika, umeshikwa ncha zote mbili. Kila mahali juu yake pana hatua salama, ukiipiga, au ukipiga fupi kuliko hiyo, huanguki. Thibitisha kwamba ipo hatua moja inayofaa mahali pote.

Winona Treadaway, binti mwenye ulimi wa wembe, aliliweza kwanza. Wengine wakafuata, wakarudi ndani mmoja mmoja. Akabaki Delmar. Na kwa kuwa kila somo sasa lilisimama juu ya dai hilo, akawa mwanafunzi wa korido.

"Hruska, hapa umepanga chumba?" Winona alimwuliza akitoka darasani.

"Nyamaza wewe. Nusu ya jibu ninayo."

"Nusu nyingine iko ndani, na kiti kipo. Nikudokeze?"

"Thubutu uone, nitakung'ata."

Asubuhi moja Delmar akabisha hodi, akaingia, akashika chaki anacheka peke yake.

"Kila mahali pana hatua yake," akasema. "Nazikusanya zote, nachukua iliyo fupi kuliko zote. Hiyo inafaa popote. Kwisha habari."

Profesa akahamisha kijiti cha meno upande wa pili wa mdomo. "Bi Treadaway, una neno?"

Winona alikuwa anaangalia kucha zake. "Delmar, hizo hatua zako ziko ngapi?"

"Hazina idadi."

"Haya. Nusu, theluthi, robo, moja ya tano, twende hivyo hivyo bila kukoma. Iliyo fupi kuliko zote ni ipi?"

Delmar akahesabu kwa vidole. Kila aliyoishika kichwani ilikuwa na mdogo wake nyuma. Darasa likaangua kicheko.

Akaweka chaki chini, akachukua kofia, akaelekea mlangoni kama mwanamume. "Narudi korido, Profesa. Nitalipata."

"Hapana, Bwana Hruska. Kaa. Bi Treadaway atatuonyesha. Leo baki uangalie."

Kwingine huo ungekuwa wema. Mle ndani ilikuwa ni kumshusha mtu kaburini akiwa bado anapumua. Hata kicheko kikakatika.

"Profesa, mwache atoke," Winona akasema taratibu.

"Andika."

Akaandika. Delmar akafumba macho.

"Fumbua, Bwana Hruska."

Akafumbua. Jibu lilikuwa fupi, zuri, na lilianzia pale pale alipokuwa ameishia yeye.

Leo anauza matrekta, na anayauza vizuri. Lakini wajukuu wakianza kutegeana vitendawili mezani, Delmar huiacha sahani yake akaenda barazani, akafunga mlango.

"Delmar! Wamemaliza, ingia!" mkewe huita. "Nyama inapoa!"

"Msiniambie!" sauti hutoka nje. "Bado sijaliweza."