Baba wa Babu Alikufa Pangoni

Mchezo wa kwanza katika mfululizo mmoja wa zamani wa michezo ya video ulianza kwa kukuomba majina ya mashujaa wanne. Mimi na binamu yangu tulikuwa tumeshafundishwa kutaja nasaba yetu mbele ya wageni, kwa hiyo hatukujiuliza mara mbili. Wa kwanza tulimpa jina langu, wa pili la baba, wa tatu la babu, wa nne la baba yake babu.

Kosa lilikuwa hilo. Wa nne alikuwa mchawi mwenye kanzu, mnyonge kuliko wote, na kila tulipoingia pangoni alikufa yeye kwanza. Ayeyo, bibi yetu, alikuwa akisuka mkeka nyuma yetu, akasikia jina la baba mkwe wake likitajwa.

"Amekufa tena?" aliuliza. "Basi msimwache huko na nyoka."

Ikawa sheria. Kila akianguka tulirudi kwenye mji wa mchezoni, kwa tabibu, kumfufua. Mwisho wa mchezo hatukuuona. Siku moja umeme ulirudi kwa nguvu ukaunguza mashine. Sehemu ya pili tuliicheza kwa jirani. Mashujaa wa sehemu hiyo walikuja na majina tayari, binamu akaweka rimoti chini, akauliza hawa ni watoto wa nani.

Sasa michezo yote miwili imo kwenye simu yangu. Nimeicheza mpakani Liboi nikisubiri kukaguliwa, na Modogashe nikiwa juu ya magunia kwenye lori. Juzi nilipita Garissa, nikakaa katika duka la binamu la dawa za mifugo kungoja basi la saa nne. Majina yalikuwa yale yale manne. Nilikuwa nimefika mlango wa mwisho, ambao hatukuwahi kuufikia utotoni, na shujaa wa nne alikuwa ameanguka tena. Nilimwambia binamu kwamba watatu wanatosha kushinda, na kwamba nataka kuuona mwisho kabla sijaondoka.

Alikuwa akimpimia mzee mmoja dawa ya minyoo ya mbuzi. Hakuinua macho.

"Na ayeyo ungemwambia nini?"

Ayeyo alizikwa nikiwa safarini. Nilifika siku ya tatu, mkeka wake umeshakunjwa.

Nikawageuza mashujaa warudi kwa tabibu. Binamu alinisogezea kreti karibu na soketi nichaji simu, akasimama begani kwangu kunionyesha ngazi za kushuka kurudi mjini. Basi lilipopiga honi nje, tulikuwa bado tunashuka, tukimbeba baba yake babu.