Mafuta ya Samaki na Macho ya Darmi

Unga uliokaa sana guniani una harufu yake, harufu ya vumbi, ya panya na ya kitu kilichoanza kuchacha. Hata leo nikiinusa dukani hutoka nje kwanza, nikapumua, ndipo nirudi kununua. Ndiyo harufu ya Garbatulla nilipokuwa na miaka minane au tisa, katika vita vya Shifta, serikali ikipigana na waasi wa kaskazini, wakati ambao sisi Waborana huuita Daba, yaani kusimama, kwa sababu kila kitu kilisimamishwa: mifugo, safari, harusi, hata mazungumzo. Tuliondolewa malishoni tukakusanywa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa miiba na seng'enge, askari wakilinda lango. Mifugo ambayo haikupigwa risasi ilikufa kwa kukosa malisho, maana ngamia hafugwi kama kuku. Baba alichukuliwa asubuhi moja kwenda kuhojiwa, akiwa ameshika kikombe chake cha chai. Kikombe kililetwa na jirani. Baba mwenyewe hakurudi.

Kabla ya hapo hatukujua kwamba tulikuwa tunakula vizuri. Tulikunywa maziwa ya ngamia asubuhi na jioni, yenye ladha ya moshi wa kibuyu, tukala nyama palipokuwa na sherehe au mgonjwa, na watoto tukazunguka vichakani tukichuma matunda madogo yaliyotupaka midomo rangi. Hakuna aliyeyaita hayo dawa. Ndani ya seng'enge tulipewa unga wa mahindi, tukausonga kwa maji na chumvi, asubuhi ule ule, jioni ule ule. Tumbo lilijaa, lakini mwili ulianza kudai vitu vyake kimoja kimoja. Fizi zilitoka damu. Nywele za watoto wadogo zikawa nyekundu na laini kama manyoya ya kifaranga. Mvua fupi iliponyesha, mchicha wa porini uliota kando ya choo na kando ya lango, mbichi kabisa, na hakuna aliyeuchuma. Bibi yangu, mama yake baba, ambaye tulimwita Akko, alisema majani ni chakula cha mbuzi, na kwamba wametunyang'anya yote lakini hawatatufanya mbuzi.

Akko alikuwa mganga wa mitishamba, na watu walikuwa wakimjia kutoka mbali. Alijua gome la kutuliza tumbo, mzizi wa kikohozi, na majani ya kumkanda mwanamke aliyejifungua. Mdogo wangu Darmi, aliyekuwa na miaka mitano hivi, alipoanza kujikwaa kwenye mafiga kila jua lilipozama, Akko ndiye aliyetambua kwanza. Mchana Darmi alikimbia kama wenzake. Giza lilipoanza kuingia alinyoosha mikono mbele na kuniita nimshike. "Anataka ini," Akko alisema. "Macho yanayokufa jioni hurudishwa na ini." Mama akamtazama yule mbuzi mmoja tuliyebaki naye, mbuzi jike mweupe aliyekuwa na mimba. Akko akageuza uso. "Huyo ni mbegu," alisema. "Tukila mbegu, siku tukitoka hapa tutatoka kama nani?" Badala yake akavunja jani la mshubiri, akakamua utomvu wake, akamtia Darmi machoni huku akimsomea dua. Darmi alilia mpaka sauti ikakauka. Ikawa hivyo kila siku, na macho yakazidi kuwa makavu, hayang'ai.

Kisha surua ikaingia kijijini. Darmi alipoinuka kutoka katika surua, hata mchana alifumba macho kwa maumivu, na Mama akaamua kumpeleka kwa dresa, muuguzi Mmeru aliyetibu watu chini ya turubai karibu na lango. Mama hakujua Kiswahili. Mimi nilikuwa nimekiokota katika duka la Mwarabu kabla ya vita, basi nikawa ulimi wa familia. Dresa alikuwa mtu mwembamba mwenye macho ya kuchoka. Alizifungua kope za Darmi kwa vidole viwili, akaguna, akainama kutafuta ndani ya sanduku lake, akatoa chupa ndogo ya kahawia.

"Mwambie mama yako hii ndiyo ya mwisho," aliniambia. "Kijiko kimoja kila siku. Asiruke hata siku moja."

Nikamwambia Mama. Kisha dresa akaniinamia, akapunguza sauti. "Najua wazee wanasema nini huko ndani. Hii ni mafuta ya samaki. Si ya nguruwe. Umesikia? Ambia nyanya yako hivyo."

Nikaitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba sikujua samaki ni nini. Sikuwahi kumwona, na neno lenyewe sikulijua, lakini nilikuwa mkalimani, watu wazima wawili walikuwa wakinitegemea, na niliona aibu kuuliza. Hilo la nguruwe nililielewa vizuri sana.

Siku mbili Mama alimpa Darmi mafuta yale bila kumwambia Akko. Siku ya tatu aliitwa kwenda kuteka maji pamoja na wanawake wengine, chini ya ulinzi, akaniachia mimi kijiko. Akko alinikuta. Alinusa chupa akarudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Mafuta ya nini haya?"

Nilikitazama kijiko.

"Nakuuliza, Talaso. Yule kafiri alisema ni mafuta ya nini?"

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: si nguruwe. Yalikuwa mdomoni. Lakini niliogopa angeuliza, kama si nguruwe ni nini, nami sina jibu, na katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumpinga Akko. Nikainamisha kichwa. Yeye akakielewa kimya changu kwa namna yake. "Kamwage," alisema. "Mbali na tunapoketi." Nikaenda hadi kwenye ua wa miiba, nikaiinamisha chupa. Yalitoka polepole, mazito, ya manjano, na mchanga ukayanywa. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema wahenga. Mafuta yale niliyatazama mpaka doa likakauka.

Mama aliporudi, Akko hakunitaja. "Mimi nimemwaga," alisema. Kwa mara ya kwanza nikamsikia Mama akimpigia kelele mkwewe. Alikimbia kwa dresa akarudi mikono mitupu.

Siku chache baadaye jicho la kushoto la Darmi likawa jeupe kama maziwa yaliyoganda, kisha likapasuka likanywea. Akko alimpakata tangu asubuhi hadi adhuhuri. Halafu akainuka, akamfungua yule mbuzi kambani, akampelekea mzee jirani amchinje. Tumboni mlikuwa na vitoto viwili, tayari vina manyoya. Akko aliviona, akavifukia kwa mikono yake mwenyewe. Ini alilichoma kidogo tu, akamlisha Darmi vipande vyembamba, siku tatu mfululizo. Jioni ya nne Darmi alitembea kutoka kwa Mama hadi mlangoni bila kunyoosha mikono. Jicho la kulia lilibaki. Akko hakumtibu mtu tena. Walipokuja kuomba mizizi aliwaambia amesahau, na kabla lango halijafunguliwa tulikuwa tumemzika ng'ambo ya seng'enge, kwa ruhusa ya askari.

Watu hupenda kusema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mimi niliona mtoto akifa jicho na bibi akifa moyo katika wiki moja, na sijui ni nani angethubutu kuwapangia ipi ni heri. Leo naishi Wabera, mtaa wa mjini, na Darmi anaishi nami. Duka la dawa la jirani limejaa vikopo vya vitamini na unga wa mlonge, na vijana wanauziana mitishamba kwa simu, kila mmoja akiapa kwamba yake inatibu kila kitu. Mchicha tunaula, na hakuna anayeudharau. Mwezi uliopita tulimpeleka mjukuu wangu kliniki. Sista alikata ncha ya kidonge laini, akamkamulia mtoto matone mdomoni, akaandika kwenye kadi, akaita mwingine. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Darmi aligeuza kichwa chote, kama anavyofanya ili jicho lake lipate kuona. "Ni ya nini hiyo?"

"Ya macho," sista alimjibu.

Tulipotoka nje akaniuliza, "Talaso, wakati wetu dawa hii haikuwapo?"

Mama amekwisha kufa. Akko amekwisha kufa. Hakuna mwingine wa kuulizwa.

"Haikuwapo," nikasema.

Darmi hakupelekwa shule, hasomi. Lakini wajukuu wetu wanasoma Kiswahili vizuri, na mmoja wao hupenda kumsomea jioni. Nimeandika haya kwa herufi kubwa, nimeyaweka mezani wanapoketi kusoma.