Habari Njema Niliyompelekea Mama Kulwa

Jumatano. Wingu zito tangu asubuhi, mvua hakuna, joto la kukaba tu.

Naandika nikiwa na aibu, na sitajitetea sana. Mimi sikusomea uhusiano wa umma. Nina cheti cha utunzaji kumbukumbu, na field yangu ya kwanza, yale mafunzo ya kazini, niliifanyia kwenye mapokezi ya hospitali, ndiyo maana dada Rehema, mkuu wa kitengo cha uhusiano hapa mgodini, aliponisaili alisema mtu aliyekaa na wagonjwa anajua kuongea na watu, akanipa miezi mitatu nijifunze, nikifanya vizuri niajiriwe. (Hakukosea. Hospitalini nilijifunza mengi.)

Leo aliniambia nimpigie simu Mama Kulwa wa Nyahanga, nimwambie mwanawe anayefanya kazi chini ya ardhi amechaguliwa mfanyakazi bora wa usalama, naye mama anaalikwa kwenye sherehe Ijumaa. Simu tu. Mimi nikaona nikienda mwenyewe nitaonekana najituma, nikaomba gari.

Sasa hospitalini tulizoeshwa hivi, habari kubwa haitolewi mlangoni, unamkalisha mtu, unashusha sauti, unauliza kama ana ndugu karibu. Nikafanya vyote, tena na gari la mgodi nje na kofia ngumu nimeishika mkononi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akichungulia nyuma yangu kuona nani mwingine anashuka.

"Mama, tukae kwanza," nikasema. "Kuna ndugu mwingine hapa ndani? Ni kuhusu Kulwa."

Hakukaa. Alipiga ukunga, akaanguka, mkono ukagonga kizingiti, na majirani wakajaa kabla sijafika kwenye neno "amechaguliwa". (Niseme ukweli, wanawake wawili walinisikia nikieleza, ila mmoja akasema watu wa mgodi ndivyo wanavyoanza, wanakupa kidogokidogo.) Kulwa hapatikani, maana simu huwa wanaziacha juu. Dereva akamkimbiza mama hospitali, mimi nikabaki nazunguka na habari njema yangu, nikimweleza kila anayeingia, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kulia. Turubai likafungwa. Mabenchi yakaletwa. Sufuria kubwa la maharage likapanda mafigani.

Saa tisa Kulwa akafika mwenyewe, anahema, kaambiwa getini kwamba kwao kuna msiba.

"Nani amekufa?" akauliza.

Hakuna aliyecheka. Nilimwambia mimi, mbele ya wote, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza mama yake yuko hospitali gani, akaondoka. Mama amevunjika kifundo cha mkono na presha bado iko juu. Ijumaa Kulwa hatakuja sherehe.

Dada Rehema hakufoka. "Nilikwambia upige simu," alisema, basi. Kuanzia kesho nakaa ofisini nakata habari za magazeti, na kwa familia za wafanyakazi sitatumwa tena. Ni haki. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo, labda na zaidi. Nimejiapia kwamba nikipewa tena habari njema nitaitangaza kutoka getini, meno nje, hata kabla ya shikamoo. Sidhani kama nitapewa.

Wakati naondoka Nyahanga, jirani mmoja alinisimamisha, akanipa ndoo yenye kifuniko. "Beba. Haya umeyapikisha wewe."

Hapa Nyasubi ninakoishi, mama mdogo alifunua ndoo, akauliza nimetoka kwenye msiba wa nani. Nikamweleza. Akasonga ugali, tukala na yale maharage.