Kwenu Mnauitaje?

Muuza miswaki wa soko la Garsen hampi mtu kijiti kabla hajamuuliza, "Kwenu mnauitaje mti huu?" Nuria, auzaye maziwa kando yake, amelisikia swali hilo mpaka analiota usingizini. Vidole vya mzee vimekauka kama mizizi anayoimenya, lakini kisu mkononi mwake ni chepesi: anakata, anamenya ncha, anainua macho, anauliza. Asiyejibu atasubiri.

Asubuhi moja, baada ya mafuriko ya El Nino, alifika afisa na orodha ya miti ya kung'olewa kupisha barabara. Mti anaokatia mzee miswaki yake haukuwa hata na jina pale. Uliandikwa "kichaka" tu. Mzee hakubisha. Alimenya kijiti, akauliza, "Kwenu mnauitaje?" Afisa akarudisha macho kwenye orodha yake. "Adde!" Nuria akajikuta amepaza sauti. "Kiorma hicho, bwana. Maana yake weupe, kwa vile unavyong'arisha meno." "Na sisi Wasomali ni adei, weupe huohuo," akadakia Hodan wa duka la nguo. "Mswaki!" akasema mchukuzi wa Kipini. "Jina tuliletewa na Waarabu." Soko zima likapamba moto kwa majina, afisa akiandika mpaka pambizo za karatasi zikajaa. "Mti wenye majina yote haya si kichaka," akasema mwisho, akalifuta neno hilo, akautoa mti kwenye orodha. Vigelegele vikapaa. Mzee bado kashika kijiti. "Umebaki wewe," akamwambia. Afisa akainama, akalitaja taratibu jina ambalo mamake huuita mti ule. Ndipo mzee akampa.